Makande ya Siku ya Kubomoa Jiko

Ilianza jana Jumamosi, saa mbili na nusu asubuhi. Mafundi walifika hapa kijijini Ihanda kubomoa jiko la zamani katika nyumba ya marehemu babu. Baba anataka dirisha kubwa, sinki, jiko la gesi na meza ya kulia sote. Bibi alikuwa kwenye kikao cha akina mama kanisani. Mimi niliachiwa kutoa vyombo na kuwapikia mafundi.

Juu ya mafiga yalining'inia mahindi meusi kwa masizi. Msichana wa kisasa mimi, nikaona uchafu. Nikayashusha, nikayapukuchua, nikayaosha, nikayachemsha nje na maharage. Sikumuuliza mtu, maana kuuliza huwa naona aibu.

Saa nane Bibi alirudi, akakaa kula nasi.

"Mpishi huyu tunahama naye!" fundi mkuu alisema. Wakacheka, nami nikajichekesha.

"Matamu, mjukuu wangu," Bibi alisema, akitafuna polepole. Kisha akatazama kule juu palipokuwa na mahindi. "Na mbegu yangu umeiweka wapi?"

Hapo ndipo nilipoelewa. Bibi huitundika kwenye moshi isiliwe na wadudu. Aliirithi kwa mama yake, dukani haiuzwi, na mvua imekaribia.

"Ndiyo tunayokula, Bibi."

Akatema punje kiganjani, akaitazama. Mafundi wakaweka vijiko chini.

Leo asubuhi, kabla ya ibada, nilipiga magoti kwenye kifusi nikachekecha vumbi pale nilipopukuchulia. Nilipata punje za kujaa kiganja kimoja. Nikazifunga kwenye kitambaa, nikaenda kugonga mlango wa Bibi.