Banda la Mama na Mrushaji wa Kukodi

Watu wa Ibra, hapa Omani, ni wa kandanda. Sisi wa kriketi wanatuona tuna walakini: kundi la familia zilizorudi kutoka Unguja na bara, kila Ijumaa asubuhi tunajikusanya kwenye kiwanja cha vumbi nje ya mji kumtazama mtu akimrushia mpira mwenzake mwenye gongo. Majirani hutuuliza kama hatuna kazi. Kazi tunazo, ila ugonjwa huu tumezaliwa nao. Mama alitoka nao Unguja, pamoja na mbuzi yake ya kukunia nazi.

Mama ni mzee sasa, na magoti hayamtaki. Alikuwa akitazama mechi kutoka ndani ya gari langu, maana kiwanjani hakuna hata mti. Wanaume wana hema lao na viti. Sisi wanawake tuna magari. Kioo kinajaa vumbi, naye anakifuta kwa ncha ya buibui, akinung'unika kwamba haoni kitu. Basi Ramadhani ya mwaka jana wanawake wa nyumba zote tukakubaliana: tupike vileja, biskuti zetu za Idi, tuuze, tujenge banda la kivuli. Pesa tukampa mwenyekiti wa timu azishike. Mwenyekiti ni mdogo wangu, kitinda mimba wa mama. Tungemwamini nani kama si yeye?

Nilichekecha unga wa mchele mpaka nyusi zikawa nyeupe. Oda zilitoka Nizwa, zikatoka Sur. Tulipika na saumu zetu, hakuna wa kuonja, kwa hiyo mama alikuwa akinusa tu na kusema samli bado, au samli basi. Karibu na Idi mdogo wangu alimpeleka kiwanjani achague mahali. Mama akaonyesha kwa mkongojo, upande wa nyuma ya mrushaji.

"Hapa," akasema. "Hapa ndo utaona mpira unavyopinda."

Mdogo wangu akapanga mawe pembe nne za hilo banda. Mama alirudi nyumbani anacheka peke yake.

Ijumaa ya kwanza baada ya Idi tulikuta mawe hayapo. Alikuwepo kijana mrefu ambaye hakuna aliyemjua, mrushaji aliyeletwa kutoka Maskati kwa mkataba, na nyumba kapangiwa, na gari kapewa. Mbio zake za kurushia zilikuwa ndefu na kiwanja chetu ni kidogo. Alianzia palepale mama alipopachagua.

Nilimfuata mdogo wangu kwenye hema.

"Mawe ya mama yako wapi?"

"Dada, usianze. Huyu ghali, wallahi, lakini atatupa kombe. Tushinde kwanza, banda baadaye, inshallah."

"Kwa vileja vyetu?"

"Mlichangia timu," akasema. "Na yeye ndo timu."

Kikulacho ki nguoni mwako. Nilirudi garini nikabamiza mlango. Ijumaa iliyofuata mama alisema magoti yanamuuma, atabaki nyumbani. Hakurudi tena kiwanjani.

Na mimi si mjinga wa mchezo huu. Warushaji tulikuwa nao wetu, mmoja karani wa benki, mwingine muuza matairi anayekuja na gari lake kutoka mji wa Adam, bila kudai hata mafuta. Wote wawili wakawekwa benchi. Yule wa kukodi alitushindia mechi za mwanzo, sikatai, nami nilipiga makofi huku roho inaniuma. Lakini fainali, kule Sur, waliipiga mipira yake mpaka ikawa inaangukia juu ya magari. Wetu wamekaa chini ya hema, mikono wamefumbata. Mdogo wangu hakumtoa. Angemtoaje, na kila mtu alijua amegharimu nini?

Nilimpigia mama simu.

"Wameshinda?"

"Wameshindwa, mama."

"Maskini mwanangu," akasema. Nilikata simu kwa hasira.

Ramadhani hii mdogo wangu alikuja nyumbani, wanawake tumekaa. Akambusu mama kichwani, shikamoo, marahaba, kisha akatoa alilokuja nalo. Kuna mrushaji mwengine, bora kuliko yule, tupike tena vileja. Nikamwambia mbele ya wote kwamba mkono wangu hautagusa unga. Wenzangu wakaniunga mkono, naye akaondoka. Usiku ule nililala raha, nikijua kwamba safari hii nimemtetea mama.

Kesho yake alasiri nilimkuta jikoni peke yake, kakaa kwenye kibao, sinia la unga wa mchele mapajani, anayeyusha samli.

"Mama, na banda lako?"

Hakuinua uso. "Likijengwa watakaa wengine. Mdogo wako kashaaibika mbele za watu mara moja, yatosha. Hebu nichekechee huu, mkono wangu hauna nguvu."

Nilisimama mlangoni. Mwaka mzima nilikuwa nimenuna kwa ajili yake, na yeye hakuwa upande wangu hata siku moja. Nilitaka kumwambia hivyo. Badala yake nilikaa chini, nikavuta chekeche, nikaanza.