Na Adongo Yuko Wapi?

Jumamosi moja naikumbuka hadi leo, mwanangu, na kila nikiikumbuka mikono hunitoka jasho kwanza, halafu ndiyo nacheka. Wiki hii imenirudia zaidi, tangu uliponiambia umepewa kuongoza kilabu cha vijana wa mitaa ya mjini. Kaa, chai ipo. Filimbi yangu ya zamani nitakupa, lakini kwanza usikie habari yake.

Ilikuwa miaka ile ya mwanzo ya uhuru. Nilikuwa msichana wa Kisoko, nimetoka chuo cha ualimu juzijuzi tu, nimepangiwa shule mjini Tororo. Zaidi ya kufundisha nilipewa kusimamia kilabu cha wasichana. Wengi wao walitoka kwenye laini za wafanyakazi wa kiwanda cha saruji, vyumba vilivyoshikana ukuta kwa ukuta, Wasamia, Wateso, Wapadhola na Waluo, na Kiswahili ndicho kilichotupatanisha. Hawakuwa na pa kuchezea ila barabarani. Nikawatafutia uwanja, nikawafundisha netiboli, na haikuchukua muda nikajiona nimefika. Nilikuwa na filimbi shingoni, na orodha ya majina niliyoipanga kwa alfabeti, kwa mwandiko ambao sijauona mzuri kama ule tena. Ungenikuta siku zile ungenichukia kidogo.

Katika orodha hiyo walikuwamo Apio wawili, mmoja chini ya mwingine. Wewe umezaliwa Kampala, huenda hujui: kwetu mapacha wakiwa wa kike, aliyetangulia kuzaliwa huitwa Apio, na aliyemfuata huitwa Adongo. Majina hayo yamejaa pande zote mbili za mpaka wa Uganda na Kenya. Apio wangu mmoja alikuwa mfupi, mcheshi, mwenye sauti ya kuamsha mtaa. Wa pili alikuwa mrefu na mkimya, na ndiye aliyekuwa mfungaji wangu. Baba yake alipakia magunia kiwandani, na mkewe alikuwa amefariki. Siku aliyomleta aliniambia, "Mwalimu, mimi naleta huyu. Hapa kwangu iko huyu tu." Nikaandika jina, nikamwambia asante.

Kisha tukaalikwa kucheza na wasichana wa Busia, mji wa mpakani. Jumatatu ya wiki ya mechi Apio mrefu akanijia uwanjani.

"Mwalimu, kule Busia tutakaa mpaka saa ngapi? Mimi niko na mtu wangu ng'ambo."

"Mambo ya nyumbani yabaki nyumbani, Apio," nikamwambia. "Hapa tunacheza." Jumatano akaja tena, nami nikapuliza filimbi kabla hajamaliza salamu. Naona aibu kukusimulia hilo, lakini ndivyo nilivyofanya.

Tulikwenda kwa lori la mzee Wandera, Msamia mmoja mpole aliyekuwa akibeba mbao siku nyingine. Tulishinda. Apio mrefu alifunga mpaka wenyeji wenyewe wakampigia makofi. Baada ya mechi nikawaruhusu wakaoge na kupumzika, na saa tisa nikasimama nyuma ya lori, nikafungua orodha yangu.

"Apio!"

"Nipo!"

"Apio!"

"Nipo!"

Nikatia alama mbili, nikaendelea mpaka mwisho. Wandera akachungulia dirishani. "Mwalimu, watu yako imetimia?"

"Imetimia."

"Umehesabu kichwa, ama umesoma tu karatasi?"

Nilikasirika, mwanangu. Nilimwambia kazi yake ni usukani. Naye akawasha gari.

Tulipofika Sikuda akasimama kutia maji kwenye rejeta. Nikaona huo ndio wakati wa kugawa mandazi, ambayo nilikuwa nimeyaagiza kwa idadi ya orodha. Kila mtoto akapata lake, na moja likabaki mkononi mwangu. Nikawauliza nani hajapata. Wote walikuwa wanatafuna. Ndipo Apio mfupi akasema, mdomo umejaa, "Mwalimu, si wewe uliniita mara mbili? Mimi nilidhani ya kwanza hukusikia, nikapaza sauti."

Niliona malori ya barabara ile, niliona umati wa soko, nikamwona yule baba na vumbi la saruji kichwani, ananiuliza yuko wapi huyu tu wake. Wandera aligeuza gari, na mimi nilitamani anitukane.

"Ameenda kwa nyanya yake, nyuma ya soko la ng'ambo," Apio mfupi akaniambia tukiwa njiani. "Ameenda kuona Adongo wake. Si alisema amekuambia?"

Siku zile kuvuka mpaka hakukuwa jambo kubwa. Polisi aliyekuwa pale aliniuliza tu nakimbilia nini, sikumjibu. Niliwaacha wasichana na Wandera, nikakata soko la upande wa Kenya, filimbi ikinigonga kifua, nikiuliza kila mwenye meza habari za bibi anayelea pacha mmoja. Muuza nyanya na vitunguu mmoja akanionyesha njia kwa kidole. Nikaingia kwenye ua uliotandazwa dagaa za kukauka, na hapo katikati ya dagaa nikamwona Apio ameinama, anazigeuza kama mtu asiye na haraka yoyote duniani.

Nilimrukia. Nilimshika mkono, nikamfokea yote niliyokuwa nayo: kwamba ni mkaidi, kwamba ametaka kuniua, kwamba netiboli ataisikia redioni. Akanitazama kwa mshangao.

"Mama," akasema, "wewe ni nani?"

Nikageuka. Mlangoni alisimama Apio wangu, na jezi yake, na bakuli mkononi, amesahau kutafuna.

Nilikaa chini palepale, mwanangu, juu ya dagaa za watu. Nililia mbele ya watoto wawili na sikuona haya hata kidogo. Alikuwa mzima, amekula, amepakwa mafuta mpaka anang'aa. Sijawahi kupewa zawadi iliyonifurahisha kama kumwona mtoto yule na ugali shavuni. Mchana nilikuwa nimehesabu mmoja nikaona wawili, na sasa nilikuwa nimeona wawili nikadhani ni mmoja.

Nyanya yao akatoka, bibi mwembamba mwenye sauti ya chini. Alinisalimu kwanza, "Mulembe, mwana," akaniletea maji ya kunywa, akangoja nimalize. Kisha akaniuliza, "Mwalimu, wewe ni mtu wa wapi?"

"Kisoko."

"Kisoko hakuna mapacha?"

"Wapo, mama."

"Na ukikutana na mtoto akakwambia anaitwa Apio, kwenu mnamuuliza nini?"

Nilijua jibu tangu sijaota meno. Kwetu hata mlevi njiani, akisikia Apio, huuliza: na Adongo yuko wapi? Ni sehemu ya salamu. Nami nilikuwa na mtoto yule muhula mzima, nimemfundisha kuruka na kulenga, na sikuwahi kumuuliza.

"Shule imekupa karatasi nzuri," bibi akasema. "Lakini watoto hawa wana watu wao. Mama yao alipofariki mimi nilichukua mmoja, baba akabaki na mmoja. Tangu mazishi yeye hajavuka kuja hapa. Akiona uso wangu anamwona marehemu, nami simlaumu. Mtoto amekuja peke yake kwa sababu hakuna mkubwa aliyemleta." Akaingia ndani, akarudi na gauni la kitambaa cha bluu, sawasawa na alilovaa Adongo. Kila alipomshonea Adongo nguo alishona na ya Apio, kwa kipimo cha huyohuyo, akaitunza sandukuni. Nyingine zilikuwa zimekuwa ndogo kabla hazijavaliwa. Hilo la bluu lilimkaa Apio vizuri kabisa.

Nikamwomba Adongo radhi. Akasema hakuna neno, ila akaniuliza kama kweli netiboli inachezwa redioni, na wote tukacheka, hata bibi.

Tuliporudi kwenye lori nilipanda nyuma, nikamgusa kila msichana kichwani, mmoja mmoja, nikitaja jina lake. Nikamwomba na Wandera msamaha. "Sasa imetimia," akasema, akawasha gari.

Tulifika Tororo jua likiwa bado lipo. Baba yake Apio alikuwa anangoja. Nilimweleza yote, hata sehemu zilizonivunja heshima, nikangoja aniondolee mtoto kilabuni. Yeye alikuwa anaangalia tu lile gauni la bluu alilovaa Apio. Akashika ukingo wa mkono wa gauni kwa vidole viwili.

"Na mwenzake?" akaniuliza. "Ni mzima?"

"Ni mzima, baba. Nimemfokea bila kosa."

Alicheka kidogo, kisha akageukia ukuta, mabega yakitikisika. Jumamosi iliyofuata Apio hakuja mazoezini. Alikuwa amevuka na baba yake, na safari hiyo aliniaga mapema.

Basi ninachokuambia ni hiki, mwanangu. Vijana wa mitaa ile watakujia wengi kwa mara moja, na utahitaji orodha, iandike vizuri. Lakini ukishaandika jina, inua kichwa umuulize mwenyewe: kwenu ni nani na nani, na nani hayupo? Kijana akija na neno la nyumbani katikati ya mazoezi, acha mpira udunde peke yake, umsikilize. Ukikosea kwa mtoto mwombe radhi, na ukimfokea asiye na kosa, mwombe zaidi. Na kabla gari halijaondoka, hesabu vichwa.

Haya, chukua filimbi. Sauti yake bado ni kali, usiipulize mtu anapokusalimu. Mungu akujalie kila unayemtoa kwao mzima umrudishe mzima, na baba zao wakikungoja barabarani wakuone unakuja na idadi iliyotimia. Sasa niambie, hao vijana wako, umeshawajua ndugu zao?