Punje Alizozisaga Mama

Mi nina mdomo, sikatai. Mwaka niliofanya mazoezi ya kazi katika maabara moja ya dawa Lilongwe, kila Jumamosi nilirudi Dzaleka, kambi yetu ya wakimbizi, kumhubiria mama habari za punje zangu za dawa. Unachanganya jelatini na gundi ya mti katika maji ya vuguvugu, unatia asidi kidogo kidogo. Jelatini inapata chaji chanya, gundi inabaki na hasi, basi zinavutana na kulivika kila tone la dawa ganda. Halafu unapima chaji iliyobaki juu ya ganda. Ikipungua mno, punje zinashikana kama nsima, ugali wa huku, yenye mabonge. Ikitosha, kila moja inaisukuma nyingine. Mama alichambua maharage yake, akaitikia, njo vile, ndivyo.

Dawa yake ya magoti ilikuwa ya namna hiyohiyo: kapsuli, na ndani yake punje zenye ganda la kulinda tumbo. Lakini tumbo lilikuwa linamchoma. Alikonda, nsima akaisukuma pembeni, nami nikailaumu pilipili.

Jumamosi moja nikafika mapema. Nikamkuta amefungua kapsuli, anazisaga punje katika kinu kidogo alichokimbia nacho kutoka kwetu Fizi, azitie kwenye uji. Ndivyo bibi alivyosaga mizizi, na ndivyo mama alivyotusagia kila kidonge cha utoto wetu. Hasira ikanipanda. Nikampokonya mchi, nikamwambia anajiua kwa mkono wake, kwamba ganda likivunjika dawa yote inaliangukia tumbo mara moja.

Akapangusa vidole kwenye kitenge, bila haraka.

"Koo yangu inakataa kapsuli," akasema. "Mwaka muzima unanihubiria ganda. Haujaniulizaka hata siku moja namezaka namna gani."

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Chaji ya kila ganda nilikuwa nayo daftarini. Koo la mama yangu sikulijua.

Tulikwenda zahanati pamoja, wakamsimamishia dawa mpaka tumbo litulie. Kisha mfamasia mmoja wa Old Town, Lilongwe, akatueleza kwamba punje zake zinaweza kunyunyizwa nzima juu ya uji uliopoa, mradi asizitafune. Zikomo, mama akamshukuru, na mimi akanitazama kwa jicho la pembeni.

Siku hizi anakula nsima yake. Jumamosi nikifika nanyamaza kwanza, namuuliza amelalaje, namnyunyizia punje, nakaa naye mpaka ameze kijiko cha mwisho. Kinu hakukitupa. Anasagia karanga.