Tumbo la Ndege ya Ernesta

Ernesta hajawahi kuomba radhi kwa kosa asilolifanya, na Jumapili ile hakukusudia kuanza. Miaka ishirini ametengeneza redio za kijiji chao, milimani juu ya bonde la Kisiwani, na hakuna aliyemwita mchawi. Lakini alipounda ndege ya sponji isiyo na injini, ya kuongozwa kwa rimoti, maneno yakazuka: mwanamke, tena mjane, na kitu kinachoruka! Huo si ungo? Eliezeri, mzee wa kanisa, akamtaka aichome, la sivyo asisogelee Meza ya Bwana.

Tangu utotoni aliwaonea wivu tai wanaopanda na upepo wa bondeni bila kupiga bawa. Aichome? Thubutu!

Ibada ilipokwisha, watu wakiwa uani kwa mnada wa ndizi na mayai ya sadaka, Ernesta akaiweka ndege juu ya meza ya mnada, tumbo wazi.

"Shikamoo, Mzee. Nimekuja kuifungia mashine zake mbele yako."

"Marahaba," Eliezeri akajibu, macho kwenye nyaya.

Akakaza kwa skrubu mota mbili ndogo za usukani tu, akaziunganisha na mkia kwa spoku za baiskeli. Risiva, kipokezi cha mawimbi ya rimoti, akaiviringishia sponji isitikisike. Betri akaisukuma hadi puani. Kila kitu alikitaja jina na kazi yake, kwa sauti ya kunadi, hata mnunuzi wa mayai akayasahau mayai.

"Tia mkono, Mzee. Tafuta hirizi."

Watu wakacheka. Eliezeri, kwa haya, akapapasa humo ndani, akautoa mkono mtupu.

Ernesta akaiinua ndege kwa ncha za vidole viwili chini ya mabawa. Mkia ukashuka.

"Pua nyepesi. Ikiruka hivi itainua kichwa, kisha ianguke. Tia hilo kufuli lako hapa mbele."

Mzee alikuwa akichezea kufuli dogo la baiskeli yake, kama kawaida yake. Kabla hajafikiri, alikwisha kulichomeka puani. Ndege ikatulia sawa vidoleni.

Ernesta akafunika tumbo kwa utepe wa gundi, akaenda nayo hadi ukingo wa mlima, waumini wote nyuma yake. Akairusha. Upepo wa Kisiwani ukaipokea, ikapanda, ikapita paa la kanisa.

Eliezeri alikuwa ameachama, shingo nyuma.

"Kama ni uchawi, Mzee, sasa tumo wawili," Ernesta akasema, vidole kwenye rimoti. "Jumapili ijayo tukutane kwenye Meza ya Bwana."