Twita za Gari la Matangazo

Siku yangu ya kwanza katika karakana ya wilaya, Same, Mkuu wa Karakana alinipeleka moja kwa moja kwenye gari la matangazo. "Redio ya gari hili ni yako," akasema. "Dereva ni Mzee Eliamini. Msikilize, analijua gari."

Ilikuwa enzi ya Ujamaa, na redio vijijini zilikuwa chache. Gari lilizunguka kutoka Bendera hadi Lembeni. Likifika, milango inafunguliwa yote na watu wanakusanyika kusikiliza taarifa. Spika za milangoni zilizotoka kiwandani zilikuwa zimechanika karatasi kwa joto na vumbi. Nikazitoa, nikapanua matundu, nikafunga kubwa zaidi, na amplifaya yenye nguvu ya kuzisukuma. Twita, zile spika ndogo za sauti nyembamba, niliziacha zilipokuwa, karibu na sikio la dereva. Hapo ndipo nilipokosea: nguvu iliyozitosha kubwa ilizifanya ndogo zipige kelele kama msumeno.

"Fundi," Mzee Eliamini akaniambia wiki ile ile, "hizi ndogo zinanitoboa masikio."

Dawa yake ni resista, kidude cha kupunguza umeme kwenye waya wa twita. Nilikuwa nacho kwenye droo. Kazi ya dakika kumi. Lakini Bwana Maendeleo, ofisa wa wilaya aliyesafiri na gari lile redio ikiwa juu njia nzima, alikwisha kunisifu mbele ya Mkuu. "Usiguse kitu! Kila neno linasikika." Nami nilikuwa bado sijathibitishwa kazini.

"Utazoea, mzee," nikamjibu.

Akaendesha hivyo miaka sita. Mimi nikahamishiwa Moshi, kisha Tanga, nikapanda cheo.

Nilipostaafu nilimfuata kwake milimani. Mkewe alinipokea. "Alianza kupoteza sauti za ndege," akasema, "halafu za wajukuu. Sasa hasikii mtu mpaka umpigie kelele sikioni."

Nikaketi karibu naye. "Mzee, dawa ilikuwa kwenye droo yangu. Nilimwogopa mkubwa. Nisamehe."

Akatazama midomo yangu, akanishika mkono kwa furaha. "Marahaba, mwanangu, marahaba!"

Mkewe akainama ili amrudie maneno yangu sikioni kwa sauti kubwa. Nikamzuia. Nikamwambia amwache aamini nimemsalimu tu.