Kilichoziba Matundu Mbele ya Maktaba

Leo njia yetu inayokunywa maji ya mvua imegoma kunywa, tena mbele ya mkuu wa chuo.

Jamani!

Mbele ya maktaba tulitandika matofali yenye matundu, ili mvua izame chini badala ya kukimbilia kuchimba korongo kwa majirani huko Makoko. Mkuu aliahidi akiona inafanya kazi, tutatandika uwanja wote.

Saa nane mvua ikapiga. Tukatoka kwenda kuona, mimi kifua mbele.

Dimbwi!

Mkuu kalowa mpaka soksi.

Nikachuchumaa, nikachokonoa tundu moja kwa kalamu. Kikatoka kitu cheupe kinachonata. (Mimi nilikuwa nawaza tope.)

Nikanusa. Udaga! Muhogo wa ugali!

Nikaenda jikoni kwa mpishi wetu, Mama Nyamisi.

"Mama, udaga unaanikaga wapi?"

"Pale maktaba. Nauanika, ukikauka nauponda palepale."

Kumbe unga unaingia kwenye matundu, mvua ikija unakuwa gundi.

"Nani alikwambia uanike pale?"

Akaniangalia kwa huruma.

"Si wewe, mwalimu? Ulisema pale maji hayakaagi, panakauka kuliko kwingine kote."

Ni kweli nilisema. Tena kwa majigambo. Habari ya matundu sikumgusia kabisa.

Sasa hivi tumechuchumaa wote, yeye na kijiti, mimi na kalamu. Mnaojua dawa ya udaga ulioganda, semeni haraka.

Mama ameshazibua mstari mzima. Mimi tundu la nne.