Kisogo kwa Skrini

Wanafunzi walimwita Kisogo, naye hakununa, maana jina alijitafutia mwenyewe. Hebu fikiria: alipokuwa akiandika tasnifu yake ya uzamivu kuhusu watazamaji wa sinema, alikaa miaka mitatu katika ukumbi wenye viti vilivyochanika, kiti chake kakigeuza, mgongo kwa skrini, daftari mapajani, akiandika nani kacheka, nani kakohoa, nani kamshika mwenzake mkono. Filamu moja ya mapenzi ilirudiwa mara arobaini. Hakuiona hata mara moja.

"Yaani baba ni daktari wa filamu ambazo hajaziona?" binti yake alimuuliza mezani.

"Kuziona anaziona kila mtu, mwanangu. Wangenipa udaktari kwa lipi?"

Alijitapa tu. Miaka tisa alifundisha idara ya filamu kwa mikataba ya muhula kwa muhula, ofisi yake nusu ya stoo, akigawana hewa na projekta mbili zilizokufa. Sasa imetoka nafasi moja ya ajira ya kudumu, na usaili ni kesho. Mkewe, fundi cherehani, akampunguzia suruali ya suti huku akimwonya, pini mdomoni, ajibu anachoulizwa, asianze kuhutubia.

Jopo lilikuwa la watu watatu. Kisogo alimwaga istilahi mpaka akapotea katikati ya sentensi yake mwenyewe, akatokea upande wa pili salama. Ndipo mkuu wa idara, mama profesa, akavua miwani.

"Hiyo filamu ya mapenzi, dokta. Niliiangalia nikiwa msichana, umeme ukakatika kabla haijaisha. Yule mwanamume anarudi?"

Wanafunzi aliwakwepa miaka yote kwa kusema mwisho wa filamu ni suala la mjadala. Huyu mama hakwepeki. Angeweza kubahatisha, lakini jasho lilikuwa limeshamchongea.

"Sijui, mama. Sijawahi kuiona."

Mjumbe mmoja akaguna. Kisogo akaona kazi ndiyo hiyo imekwenda, basi aseme anachokijua.

"Ila dakika nane kabla ya taa kuwashwa, watu huacha kutafuna. Wanaume huinama, wanajifanya wanafunga viatu. Halafu mtu mmoja hucheka peke yake, na ukumbi mzima unashusha pumzi. Nadhani anarudi. Ila amechelewa."

Mama profesa akavaa miwani, akaandika kitu.

Barua ilikuja wiki ya tatu. Kazi kapata, na chini kabisa pameongezwa kwa kalamu: aiangalie hiyo filamu, idara itaionyesha Jumamosi.

Akaenda na familia yake. Mwisho ulipokaribia, binti yake alimkuta kapinda shingo, anawachungulia wa safu ya nyuma. Mkewe akamshika kidevu, akamgeuza taratibu kama anavyogeuza kitambaa chini ya sindano, akamshikilia hapo hapo.

Mwanamume alirudi. Amechelewa.

Kisogo akainama haraka kufunga kamba za viatu. Siku hiyo alikuwa amevaa ndala.